Fizi ya Mwalimu Zaituni

Wanangu mlioingia kwenye kazi hii ya meno juzi na jana, kila nikialikwa kuzungumza nanyi mnaniuliza jambo lilelile: "Dokta Neema, parafujo ya kampuni gani ndiyo nzuri?" Mnaipenda sana ile parafujo, kile chuma tunachokizamisha mfupani kiwe mzizi wa jino jipya. Mnaigeuzageuza mkononi kama mtu aliyenunuliwa saa mpya. Nami nawajibu vilevile siku zote: katika miaka yote niliyopandikiza meno hapa Kibaha, simkumbuki mgonjwa hata mmoja aliyerudi kunilaumu kwa sababu ya parafujo. Waliorudi walirudishwa na mfupa na fizi. Na wa kwanza kurudi, ambaye mpaka leo nikimkumbuka masikio yanapata moto, alikuwa Mwalimu Zaituni.

Zaituni alifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi kule Mbwawa. Siku ya wazazi, walimu walishindana na wazazi kuvuta kamba. Yeye alikuwa wa pili kutoka mbele, na mbele yake alisimama mwalimu wa michezo, baba mmoja mwenye viwiko kama mpini wa jembe. Wazazi walipoona wanazidiwa, wakaiachia kamba ghafla kwa makusudi. Walimu wote wakaenda chali, na kiwiko cha mwalimu wa michezo kikatua mdomoni kwa Zaituni.

Jumatatu asubuhi akaingia kwenye kliniki yangu ameshika leso.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Nini tena?"

"Wazazi tumewashinda," akasema, "lakini jino limejiuzulu." Kisha akacheka, damu na yote.

Nataka mkijue kile kicheko, kwa sababu ndicho kilichoniponza. Wapo watu wakicheka unaona nusu ya meno tu. Hao ni zawadi kwa daktari wa meno, maana hata ukikosea huko juu mdomo unakusitiri. Zaituni hakuwa mmoja wao. Akicheka, mdomo wa juu unapanda wote, unaona meno, unaona fizi, unaona na kipande cha furaha yenyewe. Hapo hapana pa kujificha.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu, upande wa kulia. Picha ya eksirei ilionyesha mzizi umepasuka chini ya fizi. Halikuokoleka.

Sasa sikilizeni kosa langu. Wakati ule nilikuwa nimerudi kutoka mafunzo ya kupandikiza meno wiki chache tu zilizopita. Cheti kilikuwa ukutani, kioo chake bado kina alama za vidole vya aliyekitundika. Zaituni akaniuliza atakaa na pengo muda gani, maana mdogo wake anaolewa. Nikavuta pumzi kama bingwa, nikasema, "Hutakaa na pengo. Leo hiihii natoa jino, naweka parafujo palepale."

Vipo vinywa ambavyo jambo hilo linafaa. Mfupa uwe mnene, fizi iwe nene, na ukuta wa mbele wa mfupa huo uwe mzima. Wa Zaituni ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Lakini mimi sikuwa nimempeleka kupiga ile picha inayoonyesha unene wa mfupa. Nilitazama picha ndogo inayoonyesha urefu tu, nikaridhika. Kisha nikaling'oa jino kwa mkono niliojifunzia Kisarawe, nilipoanza kazi, siku zile foleni ya wagonjwa ilifika mpaka nje kwenye mikorosho na sifa ya daktari ilikuwa ni haraka: unalishika jino, unaliyumbisha kuelekea mdomoni, unavuta.

Nilipoliyumbisha nikasikia kitu kama biskuti inavunjika. Nikajifanya sikusikia.

Nikaifuata parafujo kule shimo lilikoniongoza, nayo ikakaa imeegemea mbele, upande wa mdomo. Miezi minne baadaye nikamvisha jino la kauri lililotengenezwa Dar. Lilipendeza. Nilimpiga picha, akaenda zake, nami kwa mwaka mzima nikawa nawaonyesha watu ile picha.

Kisha akarudi. Aliingia amejiziba mdomo na daftari.

"Mwalimu, leo umeninyima kicheko?" nikamtania.

Aliliweka daftari mezani, akalifungua. "Niliwapa watoto kazi ya kuchora," akasema. "Kichwa cha habari, Mwalimu Wangu."

Ilikuwa picha ya mwanamke mwenye kichwa kikubwa na mtandio wa kijani. Mdomo umefunguka, ndani yake meno yote ni madogo sawasawa, isipokuwa moja, limeshuka mpaka kidevuni. Na pale jino hilo lilipoanzia, mtoto alikuwa amekoleza penseli nyeusi.

"Huyu ndiye anayechora vizuri kuliko wote," Zaituni akasema. "Haongezi kitu. Anachora anachokiona." Kisha akafungua mdomo nione.

Mtoto alikuwa amenisaidia, kwa kweli. Fizi ilikuwa imepanda juu kama pazia lililovutwa, jino limekuwa refu kuliko mwenzake, na kwenye fizi iliyobaki, nyembamba kama karatasi ya kufungia andazi, kivuli cha chuma kilionekana.

"Nimemwomba mwalimu mkuu anihamishie darasa la saba," akasema. "Wale hawamtazami mwalimu mdomo, wanatazama saa. Darasa la kwanza nikijiziba hawajui 'ba' inatokea wapi wala 'pa' inatokea wapi. Nimefundisha darasa la kwanza tangu nimeajiriwa, dokta. Sijui kazi nyingine."

Na mimi, mtu mzima, mwenye cheti ukutani, mnajua nilimwambia nini? Nilimuuliza, "Kwani unapiga mswaki kwa nguvu?"

Akanitazama. "Dokta, mswaki ninaopiga hapo ndio ninaopiga kwenye meno yote. Mbona mengine hayajarefuka?"

Ndipo nikamweleza ile biskuti. Nikamwambia niliisikia, nikaendelea na kazi kama sikuisikia, na kwamba kosa ni langu na kulirekebisha ni juu yangu. Sikuwahi kumwambia mgonjwa maneno kama hayo, na nilidhani ataondoka akamtafute daktari mwingine. Badala yake akasema, "Afadhali umesema. Nilikuwa nafikiri mwili wangu ndio mbovu."

Andikeni hilo mahali. Mgonjwa usipomwambia ukweli, atajilaumu yeye.

Wiki hiyo nikaenda Kisarawe kumwona Mzee Pazi. Huyu alikuwa fundi wa meno bandia katika hospitali niliyoanzia kazi. Wakati ule alikuwa ameshastaafu, lakini nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba chenye meza, taa ya spiriti na nta, na kofia yake nyeupe haikujulikana ilikuwa nyeupe kwa rangi au kwa vumbi la plasta. Nilikwenda na wazo la njia ya mkato: anitengenezee jino fupi zaidi, na juu yake aweke kauri ya rangi ya waridi iige fizi, tuzibe aibu tumalize.

Alilishika umbo la plasta la kinywa cha Zaituni nililomletea, akalowesha kidole mate, akakipitisha polepole juu ya jino, pale mzizi unapopaswa kujitokeza.

"Neema, hapa pana bonde," akasema.

"Ndiyo mzee."

"Mwenzake huyu wa kushoto ana mgongo. Huyu wako ana bonde. Weye umepanda muhogo ubavuni mwa tuta. Mvua imekuja, udongo umeshuka, muhogo umebaki uchi. Sasa unataka mimi niupake rangi?"

"Nilifikiri ile kauri ya waridi..."

"Naweza. Akifunga mdomo, hutaiona. Yeye anafunga mdomo?"

Nikakumbuka kile kicheko. Nikasema hapana.

"Basi toa hiyo parafujo. Rudisha udongo. Ngoja. Ukishangoja, ndipo uje kwangu."

Nilirudi Kibaha nikamweleza Zaituni: tunaondoa kila kitu, tunaanza upya, na itachukua zaidi ya mwaka. Aliniuliza swali moja tu. "Safari hii utafanya peke yako?"

"Hapana," nikasema. "Nitamwita anayejua kuliko mimi."

Niliyemwita ni Dokta Rehema, bingwa wa upasuaji wa kinywa kutoka Dar, binti ambaye mimi nilikuwa nang'oa meno Kisarawe yeye akiwa bado hajaota ya kwake. Alinifundisha mengi, na jambo la kwanza ni kwamba mtu mzima kufundishwa na mdogo wake hakuumi kama kutofundishwa kabisa.

Tuliitoa ile parafujo, tukaiacha fizi ijifunge yenyewe kwa miezi miwili. Siku chache kabla ya kupandikiza mfupa, Zaituni akaja na mama yake kutoka Kisarawe, wapate maelezo. Nikawapangia vifaa mezani, najivuna kidogo. Nikasema hizi chembe tutazijaza pale palipobomoka, zitakuwa kama kokoto za kushikilia nafasi mpaka mfupa wake mwenyewe uote katikati yake. Juu tutafunika kwa utando, fizi isije ikaota kwa haraka ikauzuia mfupa, maana fizi ni kijana mwepesi, mfupa ni mzee wa kutembea na fimbo.

Mama akauliza, "Hizo chembe ni mfupa wa nini?"

"Wa ng'ombe, mama. Umesafishwa, umebaki madini tu."

"Na hicho kitambaa?"

Nikafungua mdomo niseme ng'ombe. Kitu kikanizuia. Nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo ubavuni mwa pakiti.

Ulikuwa umetokana na nguruwe.

Wanangu, mimi ni Mkristo wa Singida, na nakiri kwamba katika mafunzo yangu yote jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Chumbani mle hakuna aliyekuwa anaisoma ile pakiti isipokuwa mimi. Ningesema ng'ombe, mambo yangekwisha.

"Huu umetokana na nguruwe, mama," nikasema. "Samahani. Sikuwa nimesoma."

Zaituni akamtazama mama yake. Mama akajifunga vizuri kanga yake, akasema taratibu, "Ahsante kwa kutuambia. Huna mwingine?"

"Upo wa ng'ombe. Lakini itabidi kuuagiza, tutachelewa wiki kadhaa."

"Mwanangu," mama akasema, "tumeshachelewa mwaka. Wiki zitatufanya nini?"

Nilimpigia simu Dokta Rehema kumweleza kwamba tunaahirisha. Akasema, "Dada Neema, mimi mwenyewe naswali swala tano. Na sijawahi kumuuliza mgonjwa." Tangu siku hiyo sote wawili tukawa tunauliza mapema. Wapo wagonjwa waliokwenda kwa shehe wao wakarudi wakasema ni tiba, endelea. Wapo waliokataa katakata. Huo ni uamuzi wao. Wetu ni kusoma pakiti.

Siku ya upasuaji ilipofika tuliifungua fizi, nami nikaiona kwa macho yangu biskuti niliyoivunja. Ukuta wote wa mbele haukuwepo. Dokta Rehema akakwangua mfupa kidogo kutoka nyuma ya taya ya Zaituni mwenyewe, akauchanganya na zile chembe za ng'ombe, tukajaza, tukafunika. Nikashika sindano nishone. Baada ya nyuzi mbili akanigusa kiwiko.

"Dada, tazama rangi."

Fizi ilikuwa imekuwa nyeupe pale uzi ulipoivuta.

"Hiyo imenyongwa," akasema. "Itafumuka baada ya siku tano, na kila kitu kitamwagika. Fungua. Ilegeze kwa ndani mpaka ije yenyewe bila kuvutwa."

Nikafungua nikaanza upya. Mara ya pili pande mbili za fizi zilikutana kama watu waliopatana, si kama watu walioshurutishwa. Mpaka nastaafu, hicho ndicho nilichokuwa nakitazama kuliko uzuri wa mshono: rangi.

Tukaanza kungoja. Ninyi wa siku hizi kungoja mnakuchukia, kila kitu mnataka kiende chapchap. Miezi sita Zaituni alivaa jino la muda la kuvaa na kuvua, nami nililichonga kwa chini lisiguse kidonda hata kidogo, maana jino la muda likikaa juu ya kidonda linabonyeza mfupa mchanga na kuubomoa kimyakimya. Kwa kuwa halikubana sana, lilikuwa na visa vyake. Siku moja akiwafundisha watoto "fa, fe, fi", alipofika "fu" likaruka likatua kwenye dawati la mbele. Darasa zima likapiga makofi. Nusu yao walikuwa hawana meno ya mbele wao wenyewe, wakaona mwalimu amejiunga na kundi. Msichana mmoja akamwambia asijali, litaota.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," Zaituni akanisimulia. Nilipomuuliza kama alijiziba mdomo, akafikiri kidogo, akasema, "Unajua nilisahau?" Barua ya kuomba darasa la saba akaenda kuichukua kwa mwalimu mkuu siku ya pili yake.

Baada ya miezi sita tukapiga picha ile ya unene. Mfupa ulikuwa umeota. Safari hii parafujo iliingia kwa kufuata kielelezo alichonichongea Mzee Pazi, kipande cha plastiki chenye tundu moja, na tundu lilikuwa limeelekea nyuma, upande wa kaakaa, si upande wa mdomo. "Ukitoka nje ya tundu hili," aliniambia, "usirudi hapa kunywa chai yangu."

Lakini mfupa peke yake haukutosha. Fizi ilikuwa bado nyembamba, na fizi nyembamba inaonyesha kila kitu kilichoko nyuma yake. Tukakata kipande kidogo cha nyama ya ndani ya kaakaa, tukakiingiza chini ya fizi ya mbele, tukashona. Mama yake alipoelezwa alishika kiuno.

"Yaani mnamtoboa huku mpate kiraka cha kuweka kule?"

"Ndiyo mama."

"Hata mimi gauni la sikukuu nalitia kiraka kwa kitambaa cha pindo lake mwenyewe. Rangi haigombani." Alinielewa kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye. Zaituni alikunywa uji wa baridi wiki nzima, akalalamikia kukosa pilipili kuliko maumivu.

Parafujo iliposhika, nikampelekea Mzee Pazi vipimo. Akavirudisha.

"Sijamwona mwenyewe," akasema. "Simtengenezei mtu jino kwa barua. Nataka nimwone anavyosema."

Basi nikampakia kwenye gari, nikampeleka Mbwawa. Mwalimu mkuu alitukaribisha, na Mzee Pazi, na kofia yake ya vumbi, akaketi kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yamefika kidevuni, kipindi kizima cha kusoma. Alikuwa na kitabu kidogo anachora. Watoto walipoulizwa herufi naye alinyoosha kidole, akachaguliwa, akakosea kwa makusudi, darasa likamzomea. Zaituni akacheka kile kicheko chake cha zamani, huku lile jino la muda kalishikilia kwa ulimi. Mzee akaandika.

Kipindi kilipoisha akamwita dirishani. Akamwomba afute rangi ya mdomo na anywe maji, kisha akashika vipande vyake vya kupimia rangi kimoja kimoja kando ya jino la kushoto, kwenye mwanga wa jua usio mkali. Hili nalo mlishike: rangi ya jino ipimwe mwanzo, kinywa kikiwa na mate. Mgonjwa akikaa mdomo wazi nusu saa, meno yanakauka yanakuwa meupe, utachagua rangi ya jino lililokauka na utamkabidhi mtu jino la chokaa.

"Hili la kushoto lina mstari mdogo hapa," akasema, "na ncha imelika kidogo. Una tabia ya kukata uzi kwa meno?"

Zaituni akashtuka. "Nikishona sare za mtoto wa dada yangu."

"Basi na hilo jipya nitalipunguza ncha kidogo. Likiwa zuri mno litajitangaza."

Kwanza alitengeneza jino la majaribio la plastiki, nami nikalifunga kwenye parafujo ili lianze kuipa fizi umbo lake. Nililifunga kwa shauku, fizi ikawa nyeupe. Nikaanza kulifungua, Mzee Pazi, aliyekuwa amekaa pembeni, akanizuia. "Tazama saa."

Tukatazama. Baada ya dakika chache weupe ukaanza kurudi kuwa wekundu, kutoka pembeni kuja katikati. "Ikirudi kabla ya dakika kumi, inakubali," akasema. "Isiporudi, unaikaba, punguza." Kila wiki kadhaa nikawa naongeza plastiki kidogo hapa, napunguza pale, na ile fizi ikawa inashuka na kujaa taratibu, mpaka kile kipembe cha fizi kinachoziba nafasi kati ya meno mawili, kilichokuwa kimetoweka, kikachungulia. Siku nilipokiona niliita wauguzi wote waje kukitazama. Wao waliona nyama kidogo. Mimi niliona ikulu.

Jino la kauri lilipokaa, sikumpa kioo mara moja. Nilimwambia acheke kwanza. Alicheka kwa kujaribu, kama mtu anayeonja chai ya moto, kisha akatazama kioo. Alilia kidogo, akafuta machozi, akauliza kama anaweza kwenda kwa sababu ana kipindi saa nne.

Niliendelea kumwona kila mwaka kwa usafi na ukaguzi. Fizi haikupanda tena. Aliolewa na Bwana Shabani, afisa kilimo wa kule Mlandizi, wakapata mtoto wa kike, Nasra. Nilikuwa nakaribia kustaafu siku alipomleta huyo mume kliniki. Bwana Shabani alikuwa amefungua soda kwa meno kwenye harusi ya binamu yake, mbele ya watu, na kizibo kikashinda.

Nilimtazama, nikamweleza: tutalitoa jino polepole bila kuliyumbisha, tutajaza shimo ili mfupa usiporomoke, tutangoja, kisha tutapandikiza. Akatikisa kichwa.

"Dokta, samahani. Mimi la kupandikiza sitaki. Watu wanalijua. Mimi nikimwona mtu analo, namjua palepale, hata kwenye televisheni."

Zaituni alikuwa anatazama dari. "Baba Nasra," akasema, "mimi ninalo."

"Unalo nini?"

"La kupandikiza. La mbele, juu."

"Acha utani."

"Muulize dokta."

Bwana Shabani akanigeukia. Nikajishughulisha na glavu zangu. Siri haikuwa yangu. Akamgeukia mkewe tena. "Miaka minne, Mama Nasra! Miaka minne nakaa na wewe meza moja!"

"Hukuniuliza."

"Haya nionyeshe lipi. Hapana, usinionyeshe. Cheka. Nitalijua mwenyewe."

Zaituni akacheka. Hakuhitaji kujilazimisha. Bwana Shabani akasimama, akaivuta taa yangu, akachukua kioo changu kidogo bila kuomba, akainama kama anakagua jani la muhogo lenye ugonjwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia, akakunja uso. Mwisho akanyoosha kidole, akaligusa jino la kushoto, lile lenye mstari mdogo.

"Hili hapa," akasema kwa ushindi. "Na nilikuwa nalishuku siku nyingi. Limenyooka mno."

Mimi na Zaituni tukatazamana.

"Una jicho kali, Baba Nasra," nikamwambia. "Haya, kaa tuanze na lako."